Kadi ya sigara kuuzwa dola milioni 7, huyu Honus Wagner alikuwa nani hasa?

Mzee wa Stempu

Wakuu habari za jumapili. Mimi ni mtu wa stempu na sarafu za kale, zile senti za tundu za enzi za mkoloni ndio ugonjwa wangu, kwahiyo nikisikia kitu cha zamani kimeuzwa hela ndefu masikio yanasimama yenyewe. Sasa juzi mpwa wangu kanionyesha kwenye simu picha ya kikadi kidogo, ukikilaza juu ya kiberiti kinazidi kidogo tu, kina picha ya jamaa wa kizungu nywele kazitenga njia katikati, nyuma yake rangi ya chungwa, kifuani pameandikwa PITTSBURG, alafu dogo ananiambia mjomba hiki mwaka 2022 kimeuzwa dola milioni 7 na robo. Nikamwambia toka hapa. Nikaenda kutafuta mwenyewe nikakuta kweli, na wala sio mara moja, mwaka mmoja kabla kadi nyingine ya jamaa huyohuyo ilienda mnadani ikachukuliwa kwa dola milioni 6.6.

Nilichoambulia ni kwamba jamaa anaitwa Honus Wagner, alicheza besiboli huko Marekani zaidi ya miaka 100 iliyopita, na kadi zenyewe zilikuwa zinawekwa kwenye pakiti za sigara kama sisi tulivyokuwa tunapata vipicha kwenye babugamu. Na kila mahali kuna stori kwamba jamaa aliizuia kampuni isiweke picha yake kwa sababu alichukia sigara, hakutaka watoto wavute. Ni kweli hiyo? Maana vitu vya kale nimenunua na kuuza miaka mingi na ninachojua ni kwamba kitu kikishakuwa ghali sana na stori yake inakuwa tamu kupita kiasi. Alafu tuache kadi, mtu mwenyewe alikuwa nani? Besiboli siijui kabisa, kwangu mimi ni kriketi ya watu wenye haraka. Wajuzi nitoeni tongotongo.

Msukuma wa Pittsburgh

Mzee umenigusa penyewe. Huu mwaka wa 11 naishi Pittsburgh na huyo unayemuulizia namuona karibu kila siku nikienda kazini, yaani sanamu yake. Ipo nje ya PNC Park, uwanja wa timu ya Pirates, mwili mkubwa umeshika gongo (sio ile ya kunywa, tulieni) kama amemaliza kupiga anaangalia mpira unakoelekea. Na hiyo sanamu imehamishwa kama mpangaji, iliwekwa kwanza Schenley Park karibu na uwanja wa zamani wa Forbes Field mwaka 1955, ikaja ikapelekwa uwanja wa Three Rivers, na huo nao ulivyoachwa wakaibeba tena wakaileta hapa 2001. Timu inahama na mzee wake.

Kazaliwa tarehe 24 Februari 1874 hapa jirani, mji ambao leo unaitwa Carnegie. Wazazi wake ni Wajerumani waliohamia, watoto 9 walizaliwa kwenye ile nyumba, na baba alikuwa mchimba makaa ya mawe. Jina la ubatizo ni Johannes Peter, hilo Honus ni la kudekezwa tu nyumbani, kama mtu anaitwa Yohana mnamuita Yoha. Watu wakamuita pia Mdachi Arukaye lakini Uholanzi haihusiki kabisa, ni kwamba Wamarekani waliwasikia Wajerumani wakijiita Deutsch wakageuza wakawa Wadachi, basi ikawa imetoka hiyo. (Kwetu nako babu zetu Wajerumani walikuwa wanawaita Wadachi, kwahiyo tusicheke sana.)

Umri wa miaka 12 shule kaacha, kaingia mgodini na baba na kaka zake. Baadae kaka mmoja akawa na duka la kunyoa, Honus akajifunza kunyoa, kwahiyo kama isingekuwa mpira leo tungekuwa hatumjui kabisa au angekuwa mzee mmoja wa Carnegie mwenye mkono mzuri wa kupiga ndevu. Aliyemuingiza kwenye mpira wa kulipwa ni kaka yake Albert, timu ilikuwa na upungufu wa mchezaji akasema nyumbani nina mdogo wangu. Mwaka 1896 meneja mmoja anaitwa Ed Barrow akamchukua timu ya Paterson kule New Jersey, na wanasimulia Barrow alimkuta kwenye reli anarusha mawe na wenzie, akiona jinsi yanavyoenda mbali akasema huyuhuyu. 1897 akawa ligi kuu na timu ya Louisville. Mwisho wa msimu wa 1899 ligi ikapunguza timu kutoka 12 mpaka 8, Louisville ikafa, mwenye timu Barney Dreyfuss akahamia Pittsburgh akiwa kawabeba wachezaji wake wazuri, na Wagner akiwa wa kwanza kwenye mzigo. Ndio akawa amerudi nyumbani hivyo, na akacheza hapo mpaka 1917 akiwa na miaka 43.

Sasa umbo lake. Ukiona picha huwezi kusema huyu ni mchezaji. Kifua kama pipa, miguu matege kabisa, mikono mirefu na viganja kama koleo, mpaka walikuwa wanamtania kwamba anaweza kufunga kamba za viatu bila kuinama. Wenzie walikuwa wanasema akiokota mpira chini anazoa na mchanga na vikokoto, anarusha vyote kwa pamoja, anayedaka kule anaona mvua ya changarawe inakuja alafu katikati yake ndio kuna mpira. Na kwa matege hayohayo alikuwa anakimbia kama ana deni.

Nitaendelea, naingia shifti.

Bint Mwambao

Mimi swali langu ni fupi. Huyo aliyechukia sigara mwenyewe hakuwa anatumia tumbaku? Wanaume wa enzi zile wote nawaona kwenye picha shavu limevimba.

Makabati

Dada Bint Mwambao ndio umeingia kwenye kiini. Alikuwa anatafuna, tena sana. Na kuna ushahidi wa kuchekesha, kuna kadi yake nyingine ya kampuni ya Leaf ya mwaka 1948, hapo ni mzee tayari, na kwenye hiyo picha anaonekana anajijazia tumbaku shavuni! Na kabla ya hapo jina lake na sura yake vilishatumika kuuza sigara zile nene. Kwahiyo kusema alichukia tumbaku, hapana.

Ila haimaanishi stori yote ni uongo. Mimi nafanya biashara ya vitu vya kukusanya huku Toronto na hii habari tumeitafuna miaka. Iko hivi. Kuanzia 1909 mpaka 1911 American Tobacco Company, ambayo ilikuwa dude kubwa limemeza karibu soko zima la sigara mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ikaamuru livunjwe hiyo 1911, ilitoa seti ya kadi zaidi ya 500 ambazo wakusanyaji wanaiita T206. Kadi ilikuwa na kazi mbili, inakaza pakiti isipondeke na inamrudisha mteja. Sasa kampuni ilitakiwa kupata ruhusa za wachezaji, kwa Pittsburgh ikamtumia mwandishi wa michezo anaitwa John Gruber, wakamuahidi dola 10 kama atampata Wagner. Wagner akaandika barua kukataa, akasema hataki picha yake iwe kwenye pakiti ya sigara, na ili Gruber asikose chake akamuwekea hundi ya dola 10 kutoka mfukoni kwake mwenyewe. Hii iliandikwa kwenye The Sporting News mwaka 1912, mtu bado anacheza, kadi bado haina thamani yoyote, kwahiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuipaka asali.

Wapo wanaosema ni hela tu, alitaka alipwe zaidi. Mimi binafsi siafiki maana mtu anayetafuta hela hatoi dola 10 zake bure, na dola 10 ya wakati ule sio ya leo. Ila kwamba alifanya kwa ajili ya watoto, hapo ndio kila mtu anaongeza sukari yake. Inawezekana kabisa, watoto walikuwa wanasimama nje ya maduka ya sigara kuomba kadi kwa wavutaji, na yeye alipenda watoto, lakini yeye mwenyewe kwenye ile barua alisema hataki picha kwenye pakiti ya sigara, akaishia hapo.

Kampuni ilikuwa imeshaanza kuchapa. Wakaacha. Zilizotoka nje zilikuwa chache na leo zinazojulikana ziko kama 60 hivi, nyingi zimekunjwa, zimechanika, zingine zimeandikwa kalamu.

Mzee wa Stempu

Makabati nakushukuru sana, hiyo ya hundi ya dola 10 imenikaa vizuri. Lakini kadi adimu ziko nyingi duniani. Mimi nina stempu ambazo ni adimu kuliko kadi 60 na hakuna anayenipa hata nauli ya daladala. Kwanini huyu?

Na Msukuma ukitoka shifti, niambie huyo jamaa alikuwa mzuri kiasi gani, kwa lugha ya mtu asiyejua mchezo.

Msukuma wa Pittsburgh

Nimerudi. Haya mzee wangu, besiboli kwa dakika moja. Kuna mrushaji na kuna mpigaji. Mpigaji akipiga mpira akafanikiwa kufika besi ya kwanza bila kutolewa, hilo ni pigo halali. Besi ziko 4 kama pembe za kitenge kilichogeuzwa, ukizunguka zote ukarudi ulipoanzia timu inapata pointi. Mtu anayefanikiwa mara 3 katika kila 10 ni mfalme, yaani ni mchezo ambao unakosa mara 7 alafu wanakujengea sanamu. Wagner maisha yake yote alikuwa karibu 33 kwa kila 100, miaka 21! Mapigo yake ni zaidi ya 3,400, wa pili kabisa kufikisha 3,000 mwaka 1914, aliyemtangulia ni Cap Anson peke yake. Aliongoza ligi yake kwa upigaji misimu 8, na kwenye ligi hiyo, National League, ni Tony Gwynn tu ndio alikuja kumfikia, karibu karne nzima baadae.

Alafu kuna kuiba besi. Uko besi ya kwanza, mrushaji anajiandaa, wewe unachomoka kwenda ya pili kabla hawajakushtukia. Kaiba zaidi ya 700. Yule mwenye matege.

Na hapo hatujagusa ulinzi. Alicheza nafasi ya kati ya besi ya pili na ya tatu, ambako mipira mingi ya wapiga kulia inapita kama risasi. Kwa kawaida mtu wa pale wanamchukua kwa wepesi wa mikono, akipiga kidogo wanashukuru. Huyu alikuwa analinda kuliko wote na anapiga kuliko wote, ni kama kuwa na beki namba 4 ambaye ndio mfungaji bora wa ligi. Ndio maana mpaka leo ukiuliza nani bora kuwahi kusimama nafasi ile, wengi wanamtaja yeye kwanza.

Na ujue zama zile mpira wenyewe ulikuwa mzito hauruki, wanautumia uleule mpaka unakuwa mweusi na laini kama chungwa bovu. Kupiga ukatoka nje ya uwanja ilikuwa bahati. Mwaka 1908 Wagner aliongoza ligi karibu kila kitu, ila kwa mipira ya kutoka nje alipiga 10 na aliyeongoza alipiga 12 tu. Kumi na mbili msimu mzima! Na huo ndio mwaka alianza kwa kusema ameacha mpira, kachoka, Dreyfuss akambembeleza mpaka mshahara ukafika dola 10,000. Kuna wanaosema uchovu ule ulikuwa na akili ndani yake. Mimi nasema kama ni hivyo basi alijua kujadiliana kuliko sisi wote.

Kombora

Mmesahau ishu ya Ty Cobb!! Fainali ya 1909 Pittsburgh na Detroit, Cobb nyota wa Detroit yuko besi ya kwanza anamtukana Wagner kwa Ujerumani wake anamwambia nakuja huko, akaja kwa kuteleza viatu vya misumari mbele, Wagner akamgusa na mpira mdomoni mpaka akamchana akashonwa nyuzi. Hiyo ndio ilikuwa kiboko ya Cobb.

Makabati

Kombora hiyo stori tamu lakini ni ya kijiweni. Zile mechi magazeti yaliandika pigo kwa pigo, na hakuna lililoandika Cobb kupasuliwa mdomo. Cobb mwenyewe alikana. Na Wagner uzeeni alikuwa bingwa wa kuongeza chumvi, wachezaji vijana walikuwa wanakaa kumzunguka kama wajukuu wakati wa ngano, ukimuuliza kitu hujui unapewa historia au unapewa hadithi ya sungura na fisi.

Na haihitaji chumvi ile fainali. Ndio ilikuwa ya kwanza ya mechi 7 kuamuliwa na mechi ya 7 yenyewe. Cobb ana miaka 22, ndio mtoto wa moto, kaongoza ligi yake. Wagner ana 35. Wagner kapiga 33 kwa 100 kaiba besi 6, Cobb kapiga 23 kwa 100 kaiba 2, na Pittsburgh ikabeba. Na kwa Wagner ilikuwa ni kufuta aibu maana kwenye fainali ya 1903 dhidi ya Boston, ile ya kwanza kabisa ya kisasa, alicheza vibaya, kapiga 22 tu kwa 100, watu wakamsema sana.

Mwalimu wa Zamu

Wadau habari zenu, niko Nairobi, mimi hufundisha historia na huwa napitia hii jukwaa kimyakimya. Lakini leo lazima niseme, mnasema "bora kuliko wote" na hakuna hata mmoja amesema alikuwa bora kati ya kina nani. Ligi hiyo ilikuwa ya weupe pekee. Moses Fleetwood Walker, mtu mweusi, alicheza ligi kuu mwaka wa 1884 na timu ya Toledo, halafu mlango ukafungwa, si kwa sheria iliyoandikwa, ilikuwa tu maelewano ya wenye timu, na ukakaa umefungwa hadi mchezaji mweusi Jackie Robinson alipoingia 1947. Kwa hivyo miaka yote ya Wagner, kuanzia siku ya kwanza mpaka ya mwisho, hakuna mweusi aliruhusiwa kumpigia mpira.

Na kulikuwa na mtu. John Henry Lloyd, wakimuita Pop Lloyd, mzaliwa wa Florida, amezaliwa 1884, nafasi ni hiyo hiyo ya Wagner, mikono mirefu, na pia yeye alikuwa anazoa mpira na mchanga. Watu walimuita "Wagner mweusi". Inasimuliwa Wagner alienda kumtazama, halafu akasema ni heshima kwake kwamba mchezaji kama yule amepewa jina lake. Ni neno zuri na ninaamini alilimaanisha. Lakini mimi huwa najiuliza, kwa nini haikuwa Wagner ndiye aitwe Lloyd mweupe?

Lloyd baada ya mpira alifanya kazi ya usafi Atlantic City, posta na shuleni. Mji huo ulimpenda, 1949 wakapatia uwanja jina lake. Aliaga 1964. Kuingizwa kwenye Jumba la Heshima la besiboli kule Cooperstown, 1977. Wagner aliingizwa 1936, kwenye lile kundi la kwanza la watu watano, na kura alizopata zilikuwa 215 kati ya 226, sawa na Babe Ruth, Cobb peke yake ndiye aliwapita. Piga hesabu ya miaka wenyewe.

Msukuma wa Pittsburgh

Mwalimu umesema kitu ambacho hapa mjini watu wanakipita haraka. Na kwa Pittsburgh inauma zaidi kwa sababu timu mbili kubwa za weusi zilikuwa hapahapa, Homestead Grays na Crawfords. Josh Gibson, ambaye wengi wanaamini hakuna aliyewahi kupiga mpira mbali kama yeye, alikuwa anacheza mpaka ndani ya Forbes Field, Grays wanaukodi uwanja Pirates wakisafiri. Na Wagner yuko palepale, maana tangu 1933 mpaka 1951 alikuwa kocha wa Pirates. Uwanja mmoja, mji mmoja, ila ukicheki kalenda hawakutani. Gibson akafa Januari 1947, miezi mitatu kabla Robinson hajaingia. Pirates wenyewe anayetajwa kuwa mchezaji wao mweusi wa kwanza, Curt Roberts, ni 1954.

Sijawahi kusikia Wagner akitajwa kwa ubaya kwenye hayo mambo. Wala sijawahi kusikia kwamba aligonga meza. Alikuwa mtu mpole, basi.

Na huo ukocha wenyewe una sababu. Mwaka wake wa mwisho wa kucheza, 1917, aliwahi kupewa timu aifundishe, mechi 5, wakafungwa 4, akarudi kwa Dreyfuss kumwambia hii kazi sio yangu. Akafungua duka la vifaa vya michezo. Akagombea ukuu wa polisi wa kaunti mwaka 1925 akashindwa. Ukaja ule mdororo wa miaka ya 30 ukakomba kila mtu na yeye akiwemo, ndio Pirates wakamuita awe kocha, na ukweli kazi kubwa ilikuwa ni kuwa Honus Wagner. Watu wanakuja mapema uwanjani kumuona mzee anaokota mipira ya mazoezi. Jezi yake ya ukocha namba 33 ndio waliyoistaafisha, kwa sababu enzi anacheza jezi hazikuwa na namba.

Sanamu ilizinduliwa tarehe 30 Aprili 1955 mwenyewe akiwepo, mgonjwa tayari. Desemba 6 mwaka huohuo akafariki, nyumbani kwake Carnegie. Yaani katoka kaenda kaiba besi zote kafia pale alipoanzia.

Bint Mwambao

Msukuma hiyo sentensi ya mwisho umeikaa siku nzima kuitunga eeh 😂

Makabati

Nirudi kwa swali la Mzee wa Stempu, kwanini huyu na sio adimu zingine. Kwenye seti ileile ya T206 kuna kadi ya Eddie Plank nayo adimu sana, na yeye mchezaji mkubwa, bei haikaribii. Tofauti ni kwamba ya Wagner ilianza kuwa ghali mapema. Kuna bwana anaitwa Jefferson Burdick ndio alitengeneza katalogi ya kadi, hata hilo jina T206 ni lake, na huko nyuma miaka ya 30 wakati kadi zingine ni senti, ya Wagner aliiandika dola 50. Ikawa maarufu kwa bei yake. Na kikishakuwa maarufu kwa bei, bei inapanda kwa umaarufu. Ni kama mbuyu, watu wanaufunga kitambaa kwa sababu wameukuta una vitambaa.

Ile maarufu kuliko zote ilinunuliwa 1991 na Wayne Gretzky, yule wa magongo ya barafu, na tajiri mwenzie, dola 451,000. Baadae ikawekwa kwenye bahati nasibu akashinda mfanyakazi wa posta wa Florida, mama wa watu kodi yake tu akashindwa kuilipa ikabidi aiuze. Ikaendelea kupanda mpaka 2007 ikafika dola milioni 2.8. Inang'aa, kona kali kama wembe. Kumbe wembe kweli ulihusika, mwaka 2013 dalali Bill Mastro alikiri mahakamani kwamba kingo aliikata ili ionekane mpya, akafungwa. Na mnajua nini, bado ina thamani kubwa tu! Sasa hivi uchafu wake nao ni sehemu ya stori.

Ninayoipenda mimi ni ya masista. Shirika moja la watawa wa kikatoliki Baltimore, 2010, ndugu wa mmoja wao kafariki kawaachia mali, ndani yake kuna kadi ya Wagner, imekunjwa, kingo zimekatwa, na barua ndogo ya marehemu kwamba itapanda thamani karne ya 21. Ikauzwa dola 262,000, hela ikaenda kwenye kazi zao za utume. Kadi ya sigara ya mtu aliyekataa sigara inalipia kazi za masista.

Mzee wa Stempu

Aisee nimekaa na simu mpaka chai imepoa mara mbili. Mwalimu, hilo swali lako la nani angeitwa jina la nani nitakuwa nalo wiki nzima. Kesho namtafuta huyo Lloyd.

Sasa kuna jambo la aibu kidogo nilikuwa silisemi. Yule mpwa wangu baada ya kunionyesha picha alikwenda kimyakimya akaagiza "kadi orijino ya Wagner" mtandaoni, kalipa dola 14 na usafiri juu. Imefika jana. Anasema mjomba wewe ndio mjuzi wa vitu vya kale, ikague. Makabati nianzie wapi?

Makabati

Hahahaha. Geuza nyuma. Za Wagner zinazojulikana kuwa halali zina tangazo la sigara za Sweet Caporal au la Piedmont, basi. Ukikuta Polar Bear au Sovereign hata usiweke miwani. Alafu pima, iwe kama sentimita 3.7 kwa 6.7. Alafu gusa, karatasi ya kweli ni ya zamani, haina ile plastiki ya juu ya kung'aa.

Mzee wa Stempu

Imeandikwa Sweet Caporal. Vipimo viko sawa kabisa, nimepima kwa rula ya dogo.

Makabati

Haya sasa soma maandishi madogo kabisa chini pembeni.

Mzee wa Stempu

Nimeenda kutafuta lenzi ya stempu. Ngoja.

Imeandikwa "nakala" kwa kiingereza, na mwaka 1993.

Dogo kaniangalia usoni ananiuliza, sasa mjomba ikifika miaka 100?